Kijidudu cha tangini, cha shambani na cha Bogoria

Shangazi yangu wa Pangani ana mtungi wa udongo uvunguni mwa kitanda. Ndani yake kuna mchanga anaoulowesha kila asubuhi, na juu ya mchanga kuna kikombe chenye mfuniko. Humo ndimo anamoweka chupa yake ya insulini, maana friji hana na joto la pwani huiharibu dawa hiyo upesi. Siku moja alinikabidhi chupa hiyo, akaniuliza: "Mwanangu, hebu nisomee hapa. Hii haina nguruwe?"

Swali lake lilikuwa na msingi. Tangu mgonjwa wa kwanza wa kisukari alipodungwa insulini huko Toronto mwaka 1922, kwa miaka sitini dawa hiyo ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Robo kilo hivi ya insulini safi iliweza kuhitaji zaidi ya tani 2 za viungo vya nguruwe. Mwaka 1978 wanasayansi wa kampuni ya Genentech na wenzao wa kituo cha utafiti cha City of Hope, California, waliunda jeni (maagizo ya kinasaba) ya insulini ya binadamu na kuipandikiza ndani ya bakteria E. coli, ambaye jamaa zake wanaishi matumboni mwetu. Bakteria aliisoma jeni ile kana kwamba ni yake, akaanza kutengeneza insulini. Oktoba 1982 Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Siku hizi viwanda vingine hutumia hamira badala ya bakteria, lakini kanuni ni ileile.

"Yaani mdudu wa tumboni ndiye anayenipikia dawa?" akauliza shangazi. Ndiye. Hufugwa kwenye tangi la chuma, hulishwa sukari, na akishamaliza kazi huuawa, insulini ikachujwa na kusafishwa. Shangazi aliirudisha chupa kikombeni, akafunika.

Nimeanza na chupa hiyo kwa sababu mijadala yetu kuhusu GMO, yaani viumbe waliobadilishwa vinasaba, huishia kwenye mahindi na pamba. Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO mwaka 2012. Tanzania iliamuru majaribio ya mbegu hizo yasimamishwe mwaka 2018. Katika miaka yote hiyo, insulini iliyotengenezwa na viumbe waliobadilishwa vinasaba iliendelea kuuzwa kwenye maduka ya dawa, wala sikusikia aliyeandamana. Wapo wanaosema huu ni ukigeugeu: kama teknolojia ni mbaya, iwe mbaya kote. Mimi sikubaliani nao. Insulini ni protini. Haizaliani, haina mbegu, na aliyeitengeneza amebaki kiwandani, tena amekufa. Kinachofika Pangani ni zao la bakteria, si bakteria mwenyewe.

Hata hivyo, tangi nalo si kinga kamili. Mwaka 1989 huko Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua na zaidi ya 30 wakafa baada ya kutumia triptofani, kirutubisho ambacho uchunguzi ulionyesha kilitoka kwa kampuni ya Kijapani, Showa Denko. Kampuni hiyo ilikuwa imeanza kutumia bakteria mpya aliyebadilishwa vinasaba, na wakati huohuo ikapunguza mkaa uliotumika kuchuja zao lake. Kosa lilikuwa la bakteria au la chujio? Wataalamu hawajaafikiana. Kwangu funzo ni kwamba lazima kipimwe kile kinachotoka tangini, kila mara njia ya kukitengeneza inapobadilika.

Mambo hugeuka bakteria anapotolewa nje. Katika miaka ya 1980 Steven Lindow, mwanasayansi wa California, alifanya kazi na Pseudomonas syringae, bakteria anayekaa juu ya majani na kusaidia barafu kuganda pale baridi inapokuwa kali. Lindow na wenzake walimwondolea jeni inayofanya kazi hiyo, kisha mwaka 1987 akanyunyiziwa kwenye shamba la stroberi. Kabla ya jaribio wapinzani waliingia shambani usiku na kung'oa mimea. Madhara ya baridi kwa mimea yalipungua, lakini biashara haikuota mizizi. Leo hali ni nyingine. Tangu 2019 kampuni ya Pivot Bio inawauzia wakulima wa Marekani bakteria waliohaririwa vinasaba ili wakae kwenye mizizi ya mahindi na kuipatia naitrojeni kutoka hewani.

Mkulima wa Songea au Kitale anayekumbuka bei ya mfuko wa urea mwaka 2022 hahitaji kuelezwa utamu wa jambo hilo. Mbolea huagizwa kwa meli, hupandishwa bei na vita vya mbali, na inayozidi shambani huoshwa na mvua hadi mitoni na ziwani. Bakteria anayefanya sehemu ya kazi hiyo palepale mzizini ni msaada mkubwa, na anayempinga anapaswa kueleza atamwambia nini mkulima huyo.

Lakini hofu nayo ina hoja nzito. Bakteria akipata chakula na joto la kutosha anaweza kugawanyika kila dakika 20. Tena bakteria hupeana vinasaba, hata wa jamii tofauti, na ndivyo usugu wa dawa za antibayotiki unavyosambaa hospitalini. Shamba la mahindi unaweza kulifyeka. Bakteria wakishaingia kwenye udongo na kuchukuliwa na maji ya mfereji, hakuna wa kuwaokota. Watetezi hujibu kwamba bakteria wa maabara huwa dhaifu mbele ya wale wa porini, na kwamba mwaka 2015 watafiti wa Harvard na Yale walionyesha jinsi ya kuunda bakteria asiyeweza kuishi bila asidi amino (kijenzi cha protini) ambayo haipatikani kwenye mazingira ya asili. Kazi hiyo ni nzuri sana, lakini sioni haki ya kutuuzia bakteria wa shambani kwa sifa za kufuli alilofungiwa bakteria mwingine wa maabara. Mimi ningekubali vishamba vidogo vya majaribio, vikisimamiwa na watafiti wetu wenyewe, watu wanaoujua udongo wa Mbeya. Marufuku ya jumla ingetunyima hata nafasi ya kujifunza.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko hofu hiyo, nalo ni umiliki. Mwaka 1923 wagunduzi wa insulini waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba bakteria wa kula mafuta ghafi aliyeundwa na Ananda Chakrabarty anaweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Tangu hapo kiumbe hai akawa kitu cha kumilikiwa kama mashine.

Sasa njoo Ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Maji yake ni ya magadi makali, na ukingoni chemchemi hutoa maji yanayotokota. Bakteria wanaoishi humo wana vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) visivyoharibiwa na magadi, na hicho ndicho mtengeneza sabuni ya unga anachokitafuta. Mapema miaka ya 1990 sampuli kutoka maziwa ya magadi ya Kenya zilifika kwa kampuni ya Genencor. Vinasaba vya vimeng'enya vikanakiliwa, na bidhaa zikaingia kwenye sabuni na kwenye kazi ya kupausha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza kwamba linadai fungu lake. Kampuni ikajibu kwamba sampuli zilipatikana kihalali.

Na Kenya nayo ilidai kwa niaba ya nani? Kando ya ziwa hilo waliishi watu wa jamii ya Waendorois, waliohamishwa katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2010, ulisema haki zao zilivunjwa. Serikali iliyoidai kampuni ilikuwa yenyewe inadaiwa.

Leo hata tope la ziwa halihitajiki. Jeni ikishasomwa huwa herufi kwenye kompyuta, na aliye mbali anaweza kuiunda upya bila kukanyaga Bogoria. Ndiyo maana Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Bioanuwai, ambamo kampuni zinazonufaika na taarifa hizo zinatarajiwa kuchangia, na angalau nusu ya fedha iende kwa watu wa asili na jamii za mahali husika. Mchango wenyewe ni wa hiari. Wajumbe wa Nairobi na Dar es Salaam kwenye mikutano ya mkataba huo wang'ang'anie kwanza kipengele hicho kibadilishwe, tena wawe na Mwendorois mmoja kwenye meza yao.