Bata Mzinga wa Mama Mkwe

Jirani yetu hapa Columbus, Ohio, ni mzee mjane mwenye kisu cha umeme. Kisu chenyewe kina makali mawili yanayopishana mbele na nyuma kwa kasi, ukikiwasha kinanguruma nyumba nzima, na mwaka mzima kinalala kwenye boksi kikisubiri kazi moja tu: kumkata bata mzinga Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya Sikukuu ya Shukrani. Alikinunua marehemu mkewe. Kwa hiyo mke wangu alipomwalika aje kula kwetu, mzee alikubali kwa sharti moja. Bata awekwe mezani mzima, na yeye ndiye amkate, mbele ya watu. Mke wangu akaahidi.

Ahadi ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba mama mkwe alikuwa ameshatua kutoka Tanga.

Mama na bata mzinga wana kesi ya zamani. Utotoni kwao Pangani alifukuzwa na dume la bata mzinga kutoka kisimani mpaka barazani kwa bibi yake, ndoo ikabaki njiani, na kovu liko kwenye tafu la mguu hadi leo. Ukimtajia ndege huyo, anasonya kwanza ndipo anajibu. Halafu kuna jambo la pili, kubwa zaidi: kwetu mkwe hakosolewi. Naweza kumwamkia, nikamuuliza ameamkaje, nikamletea chai na kashata. Ila kumwambia "Mama, hapo umekosea", huo mdomo sina, na mwanamume wa Tanga mwenye mdomo huo bado sijakutana naye.

Bata tulimpata Jumatano jioni kwenye duka la Wasomali, maana pale ndipo tunapopata nyama ya halali. Columbus ina Wasomali wengi sana, na muuzaji wetu Kiswahili chake ni cha Eastleigh, mtaa wa Wasomali Nairobi, kinakwenda mbio. "Huyu ni pauni 18, boss, amebaki peke yake," akasema, akamgongesha kwenye kaunta. Akalia ngo! Barafu tupu mpaka ndani. Kwenye friji, ndege wa kilo nane anataka kama siku nne kuyeyuka, na sisi tulikuwa na usiku mmoja. Muuzaji akatupa njia ya pili: mzamishe kwenye maji baridi, hesabu nusu saa kwa kila pauni, na kila nusu saa badilisha maji. Kwa hesabu hiyo, ni kazi ya muda wa saa tisa.

Sinki la jikoni halikumtosha. Akaishia kwenye beseni la kuogea, kwenye bafu pekee tulilonalo, na shemeji yangu akapewa zamu ya maji. Mama alikuwa ameshalala.

Saa kumi na moja alfajiri Mama akaamka kutawadha. Bafu letu, kama mengi ya nchi hii, swichi ya taa ndiyo hiyo hiyo ya feni, na feni ina makelele. Mama kwa kuwaonea watu huruma hakuwasha. Akaingia gizani, akainama kupapasa bomba, mkono ukashika paja. Paja la baridi, limelowa, halina nguo.

"Yelewiii! Maiti! Jamani kuna maiti bafuni!"

Niliruka kitandani na mguu mmoja kwenye shuka. Shemeji, mlinzi wa maji, alikutwa kwenye kochi, simu kifuani, mdomo wazi. Mke wangu akawasha taa. Feni ikaanza kunguruma, na hapo Mama akamwona vizuri: kalala chali, miguu juu, kidari kimetokeza majini. Akamtazama muda mrefu bila kupepesa.

"Ni yeye," akasema.

Tukamtuliza, tukaeleza habari ya barafu, tukamhamishia ndege kwenye ndoo ili watu watawadhe. Tukasali, tukarudi kulala tukijua mambo yamekwisha. Nikiwa usingizini nikasikia ko! ko! ko! Nikadhani ni mabomba ya joto, maana jengo hili likianza baridi huwa linagonga.

Asubuhi nilikuta bakuli kubwa la plastiki limejaa vipande vya nyama, vya manjano, vinanukia tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Mama alikuwa anaosha kisu kikubwa cha mifupa, uso umechangamka namna ambayo sikuwahi kuiona tangu nimuoe binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimewapunguzieni kazi."

Nikageuka kumtazama mke wangu, naye akajitazama kucha. Ikabidi yeye ndiye aseme, maana ni mama yake. "Mama, mgeni wetu anamtaka mzima."

"Mzima wa nini? Ndege mkubwa hivi umtie mzima kwenye oveni, kidari kitakauka huku paja bado lina damu. Huko ni kumzika, si kumpika." Na hapo, nisiwe mnafiki, Mama alisema kweli tupu. Kidari huiva mapema na paja huchelewa, Wamarekani wenyewe wanahangaika nalo kila mwaka, na wapo wanaomtoa uti wa mgongo wakamlaza bapa ili aive sawasawa. Ila wao hawamfanyi vipande vya pilau ya harusi.

Mama hakuwa amemaliza ripoti yake. Pembeni ya sinki aliweka vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kidude cheupe cha plastiki chenye kichwa chekundu, alichokichomoa kifuani kwa ndege. "Huyu alikuwa anatibiwa?" akauliza. Ni kile kipimo ambacho nyama ikiiva kichwa kinaruka juu. Cha pili kilikuwa kifuko cha karatasi alichokikuta tumboni, ndani yake shingo, maini na firigisi. Hicho kilimkera. "Firigisi wanaificha! Tena kwenye karatasi! Na baba mwenye nyumba je?" Wasomaji wa kwetu mnaelewa. Firigisi haigawiwi ovyo. Ni ya mwanamume wa nyumba, au ya mkwe anayeheshimiwa, na mimi nilikuwa vyote viwili. Nikajisikia vizuri kidogo, katikati ya balaa.

Jirani alitarajiwa saa tisa alasiri. Kununua bata mwingine haikuwezekana, duka limefungwa. Kumpigia simu mjane na kumwambia kisu asilete, mke wangu alikataa katakata. Suluhisho likaja kwa binti yetu, ambaye ana miaka kumi na minne na hana mkwe wa kumwogopa.

"Si tumrudishie umbo?" akasema. "Wamarekani huwa wanamjaza vitu tumboni. Sisi tumbo lenyewe liwe pilau."

Mama aliendelea na yake. Vipande vikaingia oveni, vikatoka, vikapakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, vikarudi chini ya moto wa juu vikaungue kidogo kingo, kama kuku wa kupaka anavyotakiwa. Tui lenyewe lilikuwa la kopo. Mama alilionja akasema limechoka safarini. King'ora cha moshi kikalia mara kadhaa, shemeji akawa anakipepea kwa taulo, na hiyo ndiyo adhabu aliyopewa.

Kisha ukaja ujenzi. Tukapakua pilau kwenye sinia tukaligandamiza mpaka likawa kiwiliwili. Vipande vya kidari juu, mapaja ubavuni, mabawa kwa vijiti vya meno, miguu kwa uzi mweusi wa kushonea. Ngozi ya kidari ilikuwa imebanduka nzima, tukamvika, tukaipaka tui kuficha mishono. Mwisho mke wangu akachomeka kile kidude cha plastiki kilipokuwa. Tukarudi nyuma kumwangalia. Kwa mbali alipita. Kwa karibu, magoti yalielekea pande mbili tofauti na bawa la kushoto lilikuwa la kulia.

"Sasa mnacheza na chakula," akasema Mama, akaenda kuvaa kanga mpya.

Mzee alifika na tai, kisu kwenye boksi lake, na kipima joto cha nyama mfukoni. Alileta pia viazi vitamu vilivyopikwa na kufunikwa mashimelo, yale maperemende laini meupe. Wiki moja kabla, mke wangu alimweleza kwamba mashimelo mengi ya hapa yana jelatini ya nguruwe, na mzee akaenda mwenyewe kwa muuzaji wetu Msomali kutafuta ya halali. Akaleta na bakuli la maharagwe mabichi kwenye supu ya uyoga, juu vitunguu vya kukaanga, akatupa na historia yake: chakula hicho kilibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly kwenye jiko la kampuni ya supu ya Campbell. Na rojo ya kopo ya kranberi, vile vitunda vyekundu vichachu, ambayo ilisimama kwenye kisahani ikiwa na mistari yote ya kopo lake.

Akakaa. Akamtazama ndege.

"Rangi hii sijapata kuiona," akasema kwa adabu.

"Manjano," akajibu binti.

Akainama karibu. Moyo wangu ukasimama. "Kipimo hakijaruka," akasema. "Hajaiva huyu. Tumrudishe oveni."

Kumrudisha oveni! Kuinua sinia tu bawa lingeanguka. Mke wangu akaanza kusema habari za kipimo kibovu, lakini mzee ni mtu wa taratibu. Akatoa kipima joto chake, akakichoma kidarini. Kikapita kidari, kikazama kwenye pilau iliyopakuliwa inafuka. Inatakiwa 165 za Farenhaiti, sawa na 74 za Selsiasi. Mzee akasoma, akavua miwani, akasoma tena. "Ameiva," akasema. "Ameiva sana."

Akawasha kisu.

Nilimwona shemeji akifumba macho. Kisu kilishika ngozi vizuri, kikaingia kidogo, kisha kikakutana na uzi mweusi. Uzi ukajizungusha kwenye makali, ukavuta mguu, mguu ukavuta paja, kijiti cha meno kikakatika pa! na bawa likaruka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aanguliwe, likatua juu ya rojo ya kranberi. Kiwiliwili kikapasuka. Pilau ikarushwa na yale makali mpaka kwenye runinga, ambako Detroit Lions, timu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wanacheza kama wanavyocheza kila sikukuu hii tangu 1945. Mzee akabaki ameshika kisu kinanguruma, punje za pilau kwenye nyusi, na iliki moja kwenye kioo cha miwani.

Mama ndiye aliyezungumza wa kwanza. Akamgeukia mjukuu wake: "Mwambie nilishamkata tangu alfajiri. Hakuwa na haja ya kuleta mashine."

Binti akatafsiri neno kwa neno, hakupunguza kitu. Mzee akazima kisu. Akaokota kipande kilichokuwa karibu naye, cha paja, akakigeuza, akaona kilivyokatwa kwenye kiungo safi kabisa bila kuvunja mfupa. Akatafuna. Akacheka mpaka tai ikaingia kwenye tui.

Baada ya hapo watu walikula tu. Mama alikagua meza nzima kwa kijiko. Maharagwe aliyapitisha kwa ajili ya vitunguu vya biriani. Kranberi akairudisha ilipotoka. Alipofika kwenye viazi vitamu, na pai ya boga ya mke wangu ikiwa pembeni, akasimama. "Viazi vitamu, boga... Hii si futari? Watu hawa walikuwa wamefunga?"

Mzee akafurahi kuulizwa. Akasimulia Plymouth mwaka 1621, Waingereza waliovuna mavuno yao ya kwanza na kula siku tatu pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, ambao walikwenda kuwinda wakaleta kulungu watano. Akaeleza Rais Lincoln alivyoitangaza sikukuu mwaka 1863. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, lakini alikuwa bado kwenye kulungu.

"Kwa hiyo wageni ndio wenye sherehe, na wenye nchi ndio walioleta kitoweo?"

"Ndiyo, bibi," akasema binti.

"Basi lazima washukuru."

Hiyo nayo ikatafsiriwa. Mzee akaitafakari huku akijiongezea pilau.

Usiku, vyombo vimeoshwa na mzee amekwenda na bakuli lake limejaa, Mama akakaa na simu kumtumia dada yake wa Pangani ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Nilisikia kila kitu kutoka jikoni. Kwamba Amerika kuna siku watu wanapika futari bila kufunga. Kwamba bata mzinga wanamwogesha kwenye bafu la watu, wanamtibu kifua, halafu mezani wanampasua kwa msumeno. Kwamba yeye alimkatakata kwa mkono wake mwenyewe, na kaya nzima ikainua mikono kumshukuru Mungu.

Jibu likaingia haraka. Dada mtu hakuuliza habari za msumeno. Aliuliza: "Na firigisi kala nani?"

Mama akabonyeza. "Kala mzee wa jirani, mgeni wa watu. Mkwe wangu nimempa shingo."