Sekunde 30 tu, jamani!

Hivi ni lazima uongee nikiwa naangalia Countdown kwenye TV, pale saa inapoanza kuhesabu? Shindano hili la maneno na hesabu la Channel 4 ya Uingereza linampa mchezaji sekunde 30 tu za kufikiri. Thelathini! Mchana kutwa umetulia kama maji mtungini, herufi tisa za kuundia neno zikipangwa tu unakumbuka kuuliza funguo ziko wapi. Kwenye hesabu ndiyo balaa: natafuta kufikisha 452 kwa namba zilizotolewa, nimeshapata 75 mara 6, nimebakiza mbili tu... "Eti huyu shati lake kanunua wapi?" Kwisha, hesabu imepeperuka! Jana wachezaji wamepishana pointi nane, fumbo la mwisho lina pointi 10, yeyote anaweza kushinda. Roho mkononi! Nani kasimama mbele ya skrini akitafuta chaja? Nyie wenzangu, mnaishi nao vipi watu hawa?