Mji Mkongwe Hubomoka Kuanzia Paani

Masika yakikaribia, wasiwasi wangu juu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar hupanda. Ziko nyumba zilizovuka mvua za mwaka jana kwa rehema ya Mungu tu, na kila anayepita Kiponda, Malindi au Sokomuhogo anazijua: bati limeliwa na kutu, gata limekatika, na ukutani umeota mti ambao mizizi yake imeshapenya hadi ndani ya jiwe. Tunapozungumzia hatari inayoukabili mji huu tunapenda kutaja hoteli, watalii na magari. Mimi naanza na maji ya mvua, kwa sababu ndiyo yanayobomoa nyumba nyingi zaidi, na yanafanya hivyo kimyakimya.

Na hapo ndipo penye hoja yangu kuhusu Mamlaka ya Mji Mkongwe. Watu wanailaumu kwamba inakataza mno: rangi hii hapana, dirisha la alumini hapana, kibao cha duka kile kishushwe. Wengine wanailaumu kwamba hailindi kitu. Naona lawama zote mbili zinapita kando ya tatizo. Mamlaka imepewa jicho la kutazama ukuta wa mbele, lakini haikupewa mkono wa kuziba paa. Mpaka hilo libadilike, tutaendelea kuwa na mji wenye vibali vilivyokamilika na nyumba zinazoanguka.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya mawe yalitaifishwa. Wenyewe wengi walikwishaondoka, wakaenda Oman, Dubai, Uingereza na kwingineko, na nyumba zao wakapewa watu waliokuwa hawana makazi ya maana. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikakaliwa na familia tano au sita, kila moja na jiko lake na ndoo zake za maji, kodi ikiwa ndogo mno kulinganisha na gharama ya kulitunza jengo. Sidharau uamuzi wa kuwapa watu makazi. Nasema tu kwamba hakuna aliyeulizwa nani atapanda paani. Kufika miaka ya themanini nyumba zilikuwa zinaporomoka moja baada ya nyingine, na mwaka 1985 serikali ikaunda Mamlaka hii ili iusimamie mji.

Kazi iliyofuata haikuwa ndogo, na napenda isemwe, maana tunasahau upesi. Majengo yalikaguliwa na kuorodheshwa kwa madaraja kulingana na thamani yake. Mwaka 1994 ukatoka mpango mkuu wa hifadhi, uliotayarishwa kwa ushirikiano na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ukieleza mtaa kwa mtaa kipi kiachwe kama kilivyo na kipi kinaweza kubadilishwa. Dispensari ya Kale, ile yenye roshani za mbao zilizochongwa, inayotazama bandari pale Malindi, ilifufuliwa kutoka hali ya gofu. Mwaka 2000 UNESCO ikautia Mji Mkongwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka 2009, na mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria mpya ya Mamlaka, yenye meno zaidi kuliko ile ya 1994.

Kwa maisha ya kila siku, Mamlaka mwananchi huikuta kwenye kibali. Ukitaka kutengeneza, kubomoa, kuongeza ghorofa, kubadilisha mlango au hata kutundika kibao, unapeleka maombi na michoro. Wakaguzi wanakuja kuangalia. Mradi mkubwa unataka tathmini ya athari zake kwa urithi kabla haujaanza, na kwa kuwa mji huu umo katika orodha ya dunia, miradi ya aina hiyo inapaswa kuarifiwa UNESCO mapema, kupitia Jamhuri ya Muungano ambayo ndiyo iliyosaini mkataba wa Urithi wa Dunia. Utaratibu huu ni mzuri. Bila huo, naamini leo Shangani nzima ingekuwa vioo na saruji.

Lakini utazame vizuri utaratibu wenyewe: unaanza pale mwenye nyumba anapotaka kufanya jambo. Asiyefanya chochote haombi kibali. Mwenye nyumba aliyeiacha ivuje miaka kumi haitwi ofisini asubuhi, na aliyekusanya vijisenti vyake akatia bati jipya bila karatasi ndiye anayesimamishwa kazi. Mimi hili linaniuma kwa sababu nalijua kwa watu ninaowapenda. Bi mmoja wa mtaa wetu, mjane, alikaa na ndoo tatu chumbani kwake msimu mzima wa mvua akisubiri majibu ya karatasi zake, na majibu yalipofika fedha ya kazi ilikwishaenda kwenye matibabu.

Ili uelewe kwa nini paa ni kila kitu, inabidi uijue nyumba yenyewe ilivyo. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake karibu mkono mzima wa mtu. Sakafu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko. Boriti ina urefu wa kama mita tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Upana wa chumba umeamuliwa na mti uliotoka kwenye maji ya chumvi. Nyumba ya namna hii inapumua. Unyevu unaingia na unatoka kupitia chokaa, na mradi juu pamefunikwa vizuri, inaweza kusimama karne na zaidi.

Sasa paa livuje. Maji yanashuka ndani ya ukuta na kukutana na ncha za boriti, pale zilipochomekwa kwenye jiwe. Hapo hapana hewa wala jua. Fundi mmoja wa chokaa alinionyesha jambo hili katika nyumba ya Mkunazini ambayo ukiitazama kutoka njiani ungeisifu: imepakwa vizuri, mlango umetiwa mafuta, misumari ya shaba inang'aa. Tulipanda ghorofa ya pili. Akachukua bisibisi, akaigusa boriti katikati ya chumba, ikalia kama chuma. Akaenda nayo mpaka kwenye ukuta, akaibonyeza palepale boriti inapoingia, na bisibisi ikazama yote mpaka kwenye mpini. Akatoa vumbi jeusi, akalisugua kwenye vidole, akaniambia, “Hii haikai juu ya kitu. Inakaa juu ya mazoea.” Kisha akabisha ukuta wa chini yake. Ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, na ndani yake mlisikika utupu, maana saruji ilikuwa imeyafungia maji, chokaa nyuma yake imegeuka unga, na lipu imebaki imesimama peke yake kama ganda la yai.

Nyumba ile ilikuwa na kibali cha kupaka rangi.

Tukio lililopaswa kutuamsha sote ni la Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, pale Forodhani. Jumba hilo alilijenga Sultan Barghash mwaka 1883, likawa la kwanza hapa kwetu kuwa na umeme. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, vita vile vya chini ya saa moja vilivyoliharibu kasri la jirani. Likawa ofisi za serikali ya kikoloni, likaja kuwa makumbusho. Mwaka 2012 kipande chake kilianguka, makumbusho yakafungwa. Kila mtu alijua kwamba jengo ni gonjwa. Ilichukua miaka mpaka fedha za matengenezo zikapatikana, kwa msaada wa Oman, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha yao. Mtu anaweza kubishana juu ya namna kazi ile ilivyoendeshwa. Ninachokishika mimi ni ile miaka iliyotangulia, tulipokuwa tukilipiga picha kila siku kutokea Forodhani na maji yanaendelea na kazi yake juu kule. Kama jengo maarufu kuliko yote pwani hii limefikishwa hapo, ya nini kuuliza habari za nyumba isiyo na jina ndani ya kichochoro cha Kajificheni?

Kuna suala la umiliki, ambalo hakuna anayependa kuligusa. Nyumba za Mji Mkongwe zimegawika: za serikali, za wakfu chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na za watu binafsi. Kila kundi lina sababu yake ya kutopanda paani. Mpangaji wa nyumba ya serikali anasema si yangu. Wakfu inapokea kodi ambayo hainunui hata mbao za ngazi. Nyumba ya mtu binafsi mara nyingi ni ya warithi ishirini, mmoja Muscat, wawili London, mmoja Toronto, wengine hapahapa Unguja, hawajagawana mirathi tangu babu afariki, na hakuna anayetaka kutoa fedha kwenye fungu ambalo hajui ni lake kiasi gani. Mamlaka ikipeleka barua ya kutaka nyumba itengenezwe, barua inamkuta nani?

Halafu wako wenye fedha. Mambo Msiige, jengo la karne ya 19 pale ufukweni Shangani, lilitolewa kwa mwekezaji na limekuwa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, ikiwa na jengo jipya pembeni yake. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia mradi huo kwa namna ulivyoathiri sura ya ufukwe wa mji. Sitaki kusema hoteli zote ni balaa; nyumba kadhaa zimeokolewa na hoteli ndogo zilizotengenezwa kwa adabu. Ila mwananchi anayekatazwa dirisha la alumini anapotazama jambo kama hilo, anapata somo moja tu, kwamba kanuni ni za wadogo. Mamlaka ikishapoteza heshima hiyo mtaani, hakuna mkaguzi atakayeirudisha kwa faini. Kwa hiyo uamuzi juu ya miradi mikubwa lazima utolewe hadharani na kwa sababu zilizoandikwa, watu wauone, na wakubwa wasiwe na mlango wa pili wa kuingilia.

Lakini hata tukilimaliza hilo la wakubwa, mji bado unavuja. Ninachotaka ni kwamba Mamlaka ianze mwaka wake wa kazi juu, si chini. Kabla ya masika, wakaguzi wapite paani, shehia kwa shehia, wakiwa na sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na fundi, waandike nyumba zipi zitahitaji nini: gata, bati, kung'oa mti, kuziba ufa. Kwa kazi hizo ndogo kibali kisihitajike kabisa. Fomu ya kuarifu itoshe, mradi vifaa viwe vinavyokubalika. Ni upuuzi kumfanya mtu aombe ruhusa ya kuzuia nyumba yake isioze.

Kisha iwepo chokaa. Fundi anayetaka kufanya kazi kwa njia sahihi leo anahangaika kutafuta chokaa iliyolowekwa muda wa kutosha, wakati mfuko wa saruji unauzwa kila kona ya Darajani. Unawezaje kumkataza mtu saruji halafu usimwonyeshe pa kununua mbadala? Mamlaka ikiwa na ghala lake la chokaa na boriti, ikauza kwa bei ya gharama, itafanya zaidi kuliko mikutano ya uhamasishaji. Na vijana wafundishwe kutomea mawe na kupiga lipu ya chokaa na wazee waliobaki, walipwe wakati wanajifunza, wapewe zabuni za majengo ya serikali wakihitimu.

Fedha zitatoka wapi? Mji Mkongwe ndio unaouza Zanzibar kwa wageni; picha zake ziko kwenye kila tangazo la hoteli, hata hoteli za Nungwi na Paje ambazo hazina jiwe moja la zamani. Fungu dogo la kodi zinazotokana na utalii likitengwa kwa mfuko wa matengenezo, mwenye nyumba akakopeshwa bila riba na kulipa taratibu, paa nyingi zitapona. Nyumba za wakfu zingepewa kipaumbele kwa sababu ndizo zinazokaliwa na watu wasio na uwezo, na ndizo zinazoufanya mji uwe na wakazi. Kwa nyumba za warithi waliotawanyika, sheria iiruhusu Mamlaka kuziba paa kwanza na kuandika gharama kama deni juu ya nyumba, walilipe siku watakapouza au kugawana.

Najua jibu nitakalopewa na baadhi ya wenzangu, kwamba serikali ina hospitali na skuli za kujenga, na kwamba nyumba za mawe ni za matajiri wa zamani, acha zianguke tujenge za kisasa. Wanaosema hivyo wapite Malindi usiku wahesabu taa. Wanaoishi katika nyumba hizo leo ni wachuuzi wa sokoni, mabaharia, walimu wa madrasa, vikongwe waliozaa na kulea humo. Nyumba ikianguka, wao ndio wanaokuwa chini yake. Na hao wakihama, kiwanja chao hakijengwi skuli. Kinajengwa hoteli nyingine.