Ufunguo wa Kufuli la Kati

Katiba ya kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana fedha, ina ibara kumi na tisa, na kwa miaka yote ile ibara ya kumi na nne haikuwahi kumgusa mtu. Inasema mwanachama atakayefika kikaoni akiwa amelewa atalipa faini ya shilingi 10,000. Kijana aliyetuchapia katiba aliinakili kutoka kikundi fulani cha wanaume, nasi tukaiacha humo humo, karatasi ijae. Wanawake ishirini na nne wa Magomeni ya Mtwara, wengi wetu tukinywa soda mbili harusini tunalalamika kichwa. Nani angelewa?

Nililewa mimi. Mimi na wenzangu wawili, na tulilewa tukitafuta afya.

Habari yenyewe ilianzia kwenye presha. Siku moja tulikwenda kupima, mimi, somo yangu na Mwalimu. Somo ni somo kweli, tunaitwa jina moja. Mwalimu amestaafu ualimu, lakini ualimu haujamstaafu yeye. Mashine ikanisomea 158 kwa 97. Somo akanipita. Mwalimu akatupita wote, kisha akaituhumu mashine. Daktari akatuambia: punguzeni chumvi, punguzeni mafuta, sukari ndiyo kabisa. Tukatoka pale kimya, maana wote watatu tulikuwa na miadi na mama ntilie wetu: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na lile rojo la maharage ambalo akikuwekea upawa mmoja unamwangalia mpaka anaongeza wa pili.

Somo ndiye aliyeleta wazo la mgahawa. Alikuwa amesikia kule Shangani kuna mahali wanauza chakula cha afya, pametulia, pana upepo wa bahari na mito ya kuegemea. Tukakubaliana kila Alhamisi tule pale mchana, tupige soga, saa tisa tunywe chai isiyo na sukari, saa kumi na moja tuwahi kikobani. Maana sisi watatu hatuwezi kukosa kikoba. Sisi ndio wenye funguo.

Kwa asiyejua, sanduku la kikoba lina makufuli matatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Hivyo hata mwenye sanduku akiota ndoto mbaya usiku, hawezi kulifungua mpaka awaamshe watu watatu, na watu watatu wakiamka mtaa mzima umeamka. Mimi nina kufuli la kati. Kikundi tulikianzisha mwishoni mwa 2018, msimu ule serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazibeba, na baadhi yetu tukabaki tunasubiri malipo huku ada za watoto hazisubiri. Tangu hapo ufunguo wangu nimeufunga kwa kitambaa chekundu cha kitenge na hautoki kwenye pochi. Ulikuwa hautoki.

Alhamisi ya kwanza tuliletewa saladi. Sahani kubwa kama ungo, chakula chenyewe kimejikusanya katikati kama watu wa msibani wasiojuana. Majani, matango, parachichi, na korosho zimenyunyizwa juu. Nikazihesabu: saba. Mimi, niliyezaliwa Tandahimba, niliyekulia chini ya mkorosho, nimehesabiwa korosho! Bei shilingi 12,000. Mwalimu akasema tutafune polepole, ukitafuna polepole unashiba. Tukatafuna mpaka mataya yakauma. Kutoka pale tukapitia kwa mama ntilie, eti kumsalimia tu. Hiyo tusiizungumze.

Ila tulipapenda, lazima nikiri. Kijana mhudumu alikuwa na adabu, anainama akisema "Shikamoo mama" kwa kila mmoja na anasubiri kuitikiwa. Na pale kila kitu kina ubao. Orodha ya vyakula imeandikwa kwenye ubao. Ming'oko, hiyo hiyo inayochimbwa porini na kuuzwa mafungu barabarani, imekatwa vipande sawasawa ikapangwa juu ya ubao, pembeni kikombe cha ukubwa wa kidole gumba chenye chumvi na pilipili. Shilingi 7,000. Somo akauliza kama ubao tunaondoka nao. Hata ufunguo wa choo umefungwa kwenye kipande cha ubao, ili usipotee. Huo ubao wa choo mniwekee hapo pembeni.

Sasa, Alhamisi ya tukio ilikuwa Novemba, joto la kusubiri mvua, jasho linakutoka ukiwa umekaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Tulipomaliza majani yetu tukaagiza chai ya mchaichai. Kijana akaja mikono nyuma.

"Mama zangu, samahanini. Birika letu ni la umeme. Ila tuna juisi maalumu ya msimu. Haina sukari hata chembe. Ya mabibo."

Mabibo! Tukaangaliana tukacheka. Mtu wa Mtwara kuuziwa juisi ya mabibo ni kama kuuziwa mchanga pale Msimbati. Msimu ukifika mabibo yanaoza shambani, tunachukua korosho tunaliacha tunda. Lakini hii ilikuja kwenye glasi ndefu, jani la mnanaa juu, harufu ya mdalasini, shilingi 6,000.

Mwalimu akakaa sawa. Aliwahi kuhudhuria mafunzo ya kusindika mabibo, ya wale wataalamu wa korosho wa Naliendele, na tangu siku hiyo anasubiri mtu amuulize. Hakuna aliyemuuliza, akaeleza. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara kadhaa. Ule ukakasi unaokwaruza koo unaondolewa kwa kuchanganya na uji mwepesi wa mchele, uchafu unazama chini, unachuja. Kisha unachemsha, unafungasha ikiwa ya moto.

"Mlichemsha?" akamuuliza kijana.

"Hapana mama. Ukichemsha unaua virutubisho."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa heshima, kama aliyekutana na msomi mwenzake.

"Mlikamua leo?" nikauliza mimi.

"Juzi mama. Imepumzika."

Nisikilizeni. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi wa gongo. Nimekulia kwenye ile kazi. Najua kwamba maji ya mabibo yakikaa siku mbili kwenye joto yanaanza kuzungumza yenyewe, yanatoa povu, yanakuwa uraka, na uraka ukipikwa mvuke wake ukapita kwenye bomba ndiyo gongo. Na kijana alipofungua ile chupa pale mezani, kifuniko kilisema *fyuuu*, povu likapanda mpaka shingoni. Pua yangu ikanyanyuka. Ikaniambia: hii harufu unaijua. Nami nikajibu, kwa sauti, wenzangu wakasikia: "Jamani, hii juisi inanikumbusha kwa bibi."

"Ndiyo uzuri wa vitu vya asili," akasema Somo, akamaliza glasi yake.

Ilikuwa tamu, sitaki uongo. Inakwaruza kidogo, inachangamsha ulimi. Glasi ya pili tuliagiza kwa ajili ya vitamini. Ya tatu sikumbuki sababu. Ninachokumbuka ni kwamba tumboni mlikuwa na majani matupu, na kwamba mito ya pale ilianza kuwa laini zaidi. Somo alimsifu kijana kwa malezi mema mara nne. Mwalimu alijimwagia kifuani, kwenye blauzi yake nyeupe, na kila mtu wa huku anajua doa la bibo halina cha jiki wala ndimu. Siku nyingine angelia. Siku hiyo aliliangalia akasema, "Limekaa kama ramani ya Msumbiji," tukacheka mpaka wateja wengine wakahamia meza za mbali.

Nikaenda msalani. Nikarudi. Hapo katikati kuna kitu kilitokea ambacho nilikuja kukielewa baadaye.

Kwenye bajaji Mwalimu alitaka tuimbe nyimbo za mchakamchaka. Dereva, kijana wa umri wa mwanangu, alikuwa anatuangalia kwenye kioo bila kusema neno. Tulipofika Magomeni akakataa kupokea noti ya pili. "Mama, umeshalipa. Umelipa mara mbili."

Kikao chetu ni chini ya mwembe. Wenzetu walikuwa wameshakaa, mkeka umejaa, kila mtu na fedha yake ya hisa mkononi, maana malipo ya mnada yalikuwa yameanza kuingia na msimu wa korosho hakuna anayenunua hisa moja. Mwenyekiti yuko kwenye kiti chake. Mwenyekiti wetu ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke ambaye tangu niolewe anasubiri niteleze.

"Mmechelewa dakika kumi," akasema.

"Tulikuwa kwenye afya," nikajibu.

Akatutazama. Tukajitahidi kukaa kama watu. Somo akakosa mkeka, akakaa juu ya viatu vya watu. Mwenyekiti akaita wenye funguo. Somo akafungua kufuli la kwanza, alichukua muda lakini alifungua. Mwalimu akafungua la tatu, akalipongeza kufuli. Wote wakanigeukia mimi. Nikafungua pochi kwa madaha, nikaingiza mkono, nikatoa ufunguo wangu.

Ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha ubao. Kwenye ubao, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: CHOO.

Sasa mtu mwenye akili zake angeurudisha kwenye pochi. Mimi nikaona kwa vile nimeshasimama mbele za watu, niendelee. Nikauelekeza kwenye kufuli la kati. Haukuingia. Nikaugeuza upande wa pili. Nikaupuliza vumbi. Wanawake ishirini na mmoja wamenyamaza, unasikia kunguru wakilia juu ya mwembe, na ule ubao unagonga sanduku, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye fedha za wenzake.

"Wifi," akasema Mwenyekiti, kwa sauti ya upole nisiyowahi kuisikia kwake. "Unafungua nini?"

Mwalimu akaona aniokoe. Akasimama, ramani ya Msumbiji ikiwa wazi kifuani, akaanza kueleza faida za vitamini C.

Hapo ndipo bodaboda ikaingia. Nyuma amekaa yule kijana wa mgahawa, jasho linamtiririka, mkono mmoja umeshika kitambaa changu chekundu na ufunguo unaning'inia, mkono wa pili umeshika chupa. Nilikuwa nimeutundika ufunguo wa kikoba kwenye msumari wa mlango wa choo na kuondoka na wa kwao, na kule wateja walikuwa wamepanga foleni wanalia. Namba ya Somo alikuwa nayo kwa sababu Somo alimpa, amtafutie mchumba.

"Shikamooni mama zangu," akasema, akainama mbele ya mkeka mzima. Adabu zake ndizo zilizotumaliza. "Mama, ufunguo wako huu. Naomba wetu. Na juisi yenu mliyoiacha nimewaletea, kwa sababu glasi tisa mlizokunywa mmeshazilipia pamoja na hii chupa."

*Glasi tisa* ikapita mkekani kama upepo.

Mwenyekiti akapokea chupa. Akafungua. *Fyuuu*. Akainusa, akakunja uso, hakuwa na uhakika, maana amekulia mjini. Akampitishia bibi mmoja aliyekaa kwenye shina la mwembe, mkongwe wetu kuliko wote, mtu wa Newala, ambaye kwa kawaida anasinzia mpaka mikopo ifike. Bibi akanusa mara moja. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja. Tukasubiri kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

"Uraka," akasema. Akaonja tena. "Na haujaiva. Halafu kuna mtu ameutia mdalasini. Nani kafanya ukatili huu?"

Kijana akarudi nyuma hatua moja. Akaapa hakujua, yeye kwao Dodoma, na nikamwamini, maana uso wake ulikuwa mweupe kuliko blauzi ya Mwalimu ilivyokuwa asubuhi.

Mwenyekiti akafungua katiba, ibara ya kumi na nne, akaisoma polepole, kwa raha. Shilingi 10,000 kila mmoja, na 2,000 za kuchelewa. Hatukubisha. Tukalipa. Mhesabu fedha akazihesabu mara moja, mimi nikamsaidia kuzihesabu nikapata jumla mbili tofauti, nikaambiwa nikae.

Nilidhani yameisha. Lakini Bibi alikuwa bado ameshika chupa.

"Mwanangu," akamwita kijana. "Glasi moja mnauza shilingi ngapi?"

"Elfu sita, bibi."

Mkeka mzima ukapiga kelele. Kulewa kwetu walikuwa wamekwisha kukusamehe, lakini hilo la elfu sita hakuna aliyelisamehe. Wengine waliinuka kabisa. Mabibo! Yale yanayooza! Wifi yangu akashika kichwa kwa mikono miwili akaniuliza, kwa uchungu wa kweli, glasi tatu ni shilingi ngapi, nikamwambia, akakaa chini.

Bibi alisubiri zogo lipoe. Kisha akamwambia katibu afungue daftari la mikopo, kwa vile sanduku limeshafunguka. Anaomba shilingi 150,000, miezi mitatu, anunue ndoo, vitambaa vya kuchujia na magunia ya mabibo.

"Sababu ya mkopo niandike nini?" katibu akauliza.

"Andika afya," akasema Bibi.