Kimbunga Kilichopita Jirani

Aprili 25, 2019 Mtwara ilifunga shule na ofisi, watu wakaambiwa wahamie penye usalama. Jioni Kimbunga Kenneth kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kama kilomita 200 kusini. Wapo wanaoitumia siku ile kuwakejeli watabiri, na si bure: mvuvi aliyelaza ngalawa hakufidiwa na mtu.

Ila anayesema watabiri walidanganya anadhani anga huenda kama treni, ukijua ilipo na mwendo wake umeshajua itafika lini. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT, Marekani, alikuwa akirudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta. Ndani ya mashine namba ilikuwa 0.506127, karatasi ilichapa 0.506, naye akaingiza hiyo fupi. Tofauti ni kama sehemu 1 ya 4,000. Majibu yalianza sawa, yakaachana kabisa katika mwezi wa pili wa hali ya hewa ile ya kwenye mashine.

Katika mfano wake wa kompyuta kosa liliongezeka maradufu kila siku nne hivi. Sehemu 1 ya 4,000 ikijirudufu mara 12 imemeza namba nzima: siku 48. Haya, nunua vipimo vyenye usahihi mara 10 zaidi. Umejipatia marudufu matatu na kidogo, siku 13. Mara 1,000? Siku 40. Gharama inazidishwa, faida inajumlishwa tu! Wala hakuna bahati nasibu humo. Kanuni ni zilezile, ila vigezo vinazidishana: joto linasukuma upepo, upepo unahamisha joto. Henri Poincaré, mwanahisabati Mfaransa, aliliona jambo hili karne ya 19 kwa magimba matatu, kama jua na sayari, yanayovutana angani. Kompyuta ndiyo hakuwa nayo.

Si kila kosa la kumtwisha Lorenz, lakini. Kenneth ilikuwa imepita Ngazija, kisiwa cha Komoro, siku moja tu kabla. Kwa muda mfupi hivyo, uhaba wa vipimo baharini nao una lawama yake.

Vituo vikubwa vya utabiri siku hizi huendesha hesabu ileile mara 50 hivi, kila moja ikianzia padogo tofauti, na njia za kimbunga hutawanyika kama miyaa ya ukili. Habari ikifika soko la samaki Feri, Dar es Salaam, imeshabaki uzi mmoja: "kinakuja." Hapo ndipo penye kosa. Tangazo liseme kwamba kati ya hesabu 50, 20 zinakifikisha kaskazini ya Mto Ruvuma, yaani upande wa Tanzania. Mvuvi wa Msimbati anayesoma kusi na kaskazi hashindwi na 20 kwa 50, na kwa uwiano huo ngalawa huvutwa juu.