Rais aliyewaita waandishi chooni

Kuna rais mmoja wa Estonia, nchi ndogo ya Ulaya inayopakana na Urusi, niliyeanza kumpenda kwa sababu ya choo. Mwaka 1997 rais huyo, Lennart Meri, alitua Tallinn, mji mkuu wake, akitokea Japani. Waandishi wa habari walikuwa wakimsubiri uwanja wa ndege na yale maswali ya kila ziara: mmezungumza nini, mmekubaliana nini. Yeye akawaongoza hadi kwenye vyoo vya uwanja, vilivyokuwa vibovu vya kutia aibu, na mkutano ukafanyika humo humo. Siku hiyo ningelipa nauli kuiona sura ya ofisa wake wa itifaki.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama kichekesho tu. Mimi naona ndani yake namna yake yote ya kuongoza. Sisi tunasema mficha maradhi kifo humuumbua; Meri alikuwa mtu wa kuyaanika.

Alizaliwa Tallinn mwaka 1929. Kwa Kiestonia jina lake maana yake ni bahari, ingawa sikio la Mswahili husikia meli. Baba yake, Georg, alikuwa mwanadiplomasia, hivyo mtoto akasoma shule tisa kwa lugha nne, Berlin na Paris zikiwemo. Kisha Wasovieti wakaingia. Tarehe 14 Juni 1941 familia ilikamatwa pamoja na maelfu ya Waestonia wengine. Baba akapelekwa upande wake, mama na watoto upande mwingine, ndani kabisa ya Urusi. Lennart, mwenye miaka 12, akawa mkata magogo. Alimenya viazi pia. Baba alinusurika, akarudi, na baadaye akawa mfasiri wa Shakespeare kwa Kiestonia, kazi ambayo Mwalimu Nyerere naye aliifanya kwa Kiswahili. Labda Shakespeare ana dawa fulani kwa watu waliochoshwa na siasa.

Meri alihitimu historia Chuo Kikuu cha Tartu mwaka 1953, akanyimwa kazi ya uanahistoria. Akaishia kwenye tamthilia, redio, vitabu vya safari na filamu. Siasa ilimkuta mtu mzima: mwaka 1990, akiwa na miaka 61, aliteuliwa waziri wa mambo ya nje wa Estonia, iliyokuwa ikijitoa mikononi mwa Wasovieti na ambayo dunia ilikuwa bado haijaitambua upya. Uchaguzi wa rais wa 1992 nao una kasoro ambayo mashabiki wake huipita haraka. Kwa kura za wananchi mpinzani wake, Arnold Rüütel, ndiye aliyeongoza. Kwa kuwa hakufikisha nusu, bunge likaamua, likampa Meri. Ilikuwa halali kikatiba, ila kama ningempigia kura Rüütel, ningenuna miaka mingi.

Kilichonivutia zaidi kilitokea mwaka 1993. Bunge lilipitisha sheria ya wageni, iliyowagusa mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Warusi waliohamia enzi za Kisovieti na sasa hawakuwa na uraia. Mtu aliyetolewa kwao utotoni na dola ya Moscow angeweza kuisaini kwa furaha. Hakuisaini. Aliipeleka kwa wataalamu wa Baraza la Ulaya na wa mkutano wa usalama na ushirikiano wa Ulaya waikague, kisha akairudisha bungeni, ikarekebishwa. Kuwaita wageni waje kutazama uchafu wa nyumbani kwako: ni choo kile kile, miaka minne kabla.

Mbele ya wakubwa pia hakuficha. Februari 1994, kwenye karamu ya Hamburg, alitahadharisha kuhusu tamaa za Urusi kwa majirani zake, na naibu meya wa Saint Petersburg, Vladimir Putin, akainuka akatoka. Julai mwaka huo, huko Naples, Italia, rais wa Urusi Boris Yeltsin aliulizwa kama majeshi yake, yaliyobaki tangu enzi za Kisovieti, yataondoka Estonia kufikia mwisho wa Agosti, akajibu hapana. Meri akamfuata Moscow, na tarehe 26 Julai wakatia saini. Majeshi yakaondoka kufikia tarehe 31 Agosti. Bei yake ilikuwa kuwahakikishia haki za kijamii wastaafu wa jeshi la Urusi waliobaki Estonia, na nyumbani alishambuliwa vikali kwa hilo. Mimi ningesaini. Mstaafu anayepalilia bustani yake si sawa na kambi yenye silaha, na nafasi kama ile haisubiri mtu amalize kunung'unika.

Aliondoka madarakani 2001, akamwachia kiti Rüütel yule yule, akafariki Machi 2006. Tarehe 29 Machi 2009, siku ambayo angetimiza miaka 80, uwanja wa ndege wa Tallinn ulipewa jina lake. Wameliandika kwenye jengo. Mimi ningelibandika kwenye mlango wa choo.