Altaneta Iwe Mshukiwa wa Mwisho

Taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka kwenye dashibodi ya Hilux, dereva hupewa jibu lilelile karibu kila gereji ya Dar es Salaam: altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, imekufa; nenda Gerezani kwenye vipuri ukatafute nyingine. Jibu hilo silikubali. Altaneta zinakufa kweli, lakini hukumu inatolewa bila mtu kupima chochote. Kabla ya altaneta kuna mkanda, fyuzi, vichwa vya betri, waya wa ethi (unaounganisha nguzo hasi ya betri na mwili wa gari na injini) na betri yenyewe, na vyote unavikagua kwa mkono na kwa mita ya umeme kabla hujafungua nati hata moja ya altaneta.

Anza na betri gari likiwa limelala usiku kucha. Betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikishuka hadi 11.8 imeisha. Betri iliyoisha usiitumie kuihukumu altaneta. Ichaji kwanza kwa chaja ya ukutani, kisha endelea. Ikijaa halafu ikashuka yenyewe bila kuunganishwa na gari, tatizo umeshalipata, na altaneta mpya isingekusaidia.

Sasa washa injini. Kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, taa zikiwa zimezimwa, soma volti kwenye nguzo za betri zenyewe, usisome kwenye vishikizo vya waya. Pikapu nyingi zinatakiwa kutoa kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12.4 na inazidi kushuka, hakuna chaji inayofika kwenye betri. Ukiona zaidi ya 15, rigyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za altaneta, imeacha kazi: betri itachemka, maji yatakauka na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Kisha washa taa kubwa, fungua feni ya AC hadi mwisho, mwambie mtu ashikilie injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, usome tena. Volti zikibaki juu ya 13.3 hivi, mfumo unabeba mzigo wake. Tahadhari kwa pikapu za miaka ya karibuni ambazo kompyuta ndiyo inayoamua chaji, Ford Ranger zikiwemo: hizo zinaweza kushusha volti kwa makusudi betri ikishajaa, kisha zikapanda tena ukipunguza mwendo. Usomaji mmoja wa chini kwenye gari la namna hiyo hauthibitishi ubovu.

Hapa kuna jambo ambalo naomba mafundi wetu waliache kabisa. Ni ile tabia ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama gari litazima. Ni urithi wa enzi za dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia altaneta. Altaneta inapochaji kisha betri ikaondolewa ghafla, volti zinaruka juu mno kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mruko huo unatosha kuua dayodi (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) za altaneta iliyokuwa nzima, rigyuleta yake, au kompyuta ya injini. Kwenye Hilux ya zamani yenye injini ya 2L au 3L unaweza kubahatika, maana pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Kwenye D4D, injini ya dizeli inayoendeshwa na kompyuta, unacheza na kifaa cha gharama kubwa kuliko altaneta kadhaa. Na hata gari lisipozima, jaribio hilo halikuambii kama chaji inatosha. Mita inakuambia yote hayo bila kuhatarisha kitu.

Kama chaji ni ndogo, angalia mkanda kwanza. Bonyeza kwa gumba katikati ya puli mbili. Ukishuka zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Mkanda unaong'aa pembeni kama umepakwa vanishi unateleza hata ukikazwa, na mlio wake utausikia asubuhi au unapowasha AC. Injini zenye mikanda miwili pacha, badilisha yote kwa pamoja, la sivyo mpya utabeba kazi yote peke yake.

Baada ya hapo zifuate waya, na hapa ndipo altaneta nyingi nzima zinaponusurika au kutupwa. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 na taa zimewaka, weka probi nyekundu kwenye nati kubwa ya altaneta, ile yenye kofia ya mpira, na nyeusi kwenye nguzo chanya ya betri. Mita iwe kwenye volti za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri. Isome chini ya 0.3. Ikisoma 0.8 au volti nzima, umeme unapotelea njiani: kwenye waya ulioliwa na kutu, nati iliyolegea, au ile fyuzi kubwa ya kufungwa kwa bolti ndani ya kisanduku cha injini. Rudia upande wa ethi, kutoka nguzo hasi ya betri hadi mwili wa altaneta. Hapo isizidi 0.2. Gari linalovuka feri ya Kigamboni kila siku, au linalolala jirani na bahari, ethi yake inakula kutu chini ya rangi ambako jicho halifiki. Kuifungua, kuisugua kwa msasa hadi chuma king'ae na kuipaka grisi ni kazi ya dakika kumi.

Bado kuna plagi ndogo nyuma ya altaneta. Toyota nyingi zina waya tatu: IG, S na L. Chomoa plagi, geuza swichi bila kuwasha injini. IG iwe na volti za betri. S iwe nazo muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha rigyuleta hali halisi ya betri. L ni ya taa ya dashibodi. Ukiigusisha kwenye ethi, taa iwake. IG ikikosa umeme, altaneta nzima kabisa haitachaji hata chembe, na chanzo mara nyingi ni fyuzi moja ndogo. Nasisitiza hili kwa sababu fyuzi hiyo inagharimu chini ya nauli ya bodaboda.

Ikiwa yote hayo ni mazima, sasa altaneta imeshukiwa kwa haki. Hata hivyo haijastahili kutupwa. Hamisha mita kwenye volti za AC (umeme unaogeukageuka, si AC ya ubaridi), injini ikinguruma na taa zikiwaka, upime kwenye betri. Ikisoma zaidi ya 0.5, kuna dayodi iliyokufa. Angalia lakini: baadhi ya mita za bei rahisi huonyesha karibu volti 30 ukiziweka hivyo, na ukigeuza probi zinaonyesha sifuri. Hiyo ni kasoro ya mita. Dalili nyingine ya dayodi ni betri kuisha usiku wakati mchana inachaji vizuri. Gusa altaneta asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa ina uvuguvugu, inakunywa umeme wa betri. Gari lililozimwa na kutulia halitakiwi kuvuta zaidi ya ampia 0.05 hivi.

Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota (sehemu inayozunguka), ndizo zinazoisha kuliko kitu chochote ndani ya altaneta. Kwenye altaneta nyingi za Denso, kaboni mpya inachomoza takribani milimita 10.5, na ikibaki 1.5 haifai tena. Dalili yake ni chaji inayokuja na kuondoka, au taa nyekundu inayozima ukipita kwenye tuta. Fundi wa altaneta anayejua kazi atabadilisha kaboni na beringi mbili, atasugua pete za rota, na atapima waya wa rota, ambao kwa kawaida unasoma ohmu 2 hadi 3. Maoni yangu ni kwamba ganda la asili lililofanyiwa kazi hiyo ni bora kuliko altaneta mpya ya kuiga yenye shaba nyembamba ndani. Zipime zote mbili mkononi. Nyepesi kupita kiasi iache dukani.

Ukilazimika kununua mtumba pale Gerezani au Ilala Shaurimoyo, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha masikio ya kufungia, idadi ya mifereji ya puli, umbo la plagi na ampia zilizoandikwa kwenye kibati. Zungusha puli: isikwaruze wala kucheza kando. Nusa matundu ya nyuma. Harufu ya vanishi iliyoungua maana yake koili zimepikwa. Dai ipimwe kwenye mashine mbele yako. Kwa dizeli za 2L, 3L na 5L kuna la ziada: pampu ya vakyumu ya breki iko mgongoni mwa altaneta. Altaneta isiyo na pampu hiyo haikufai, na yenye pampu iliyochoka itakuachia pedali ya breki ngumu kama jiwe.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa. Tanguliza kuchomoa waya hasi wa betri, kwa spana namba 10, kwani nati kubwa ya altaneta ina umeme wa betri moja kwa moja na spana ikigusa mwili wa injini itatoa moto. Piga picha waya zilivyokaa. Bonyeza klipu ya plagi, usiivute kwa waya. Legeza bolti ya chini, mara nyingi namba 14, kisha ya kukazia mkanda, namba 12. Kwa yenye vakyumu, tega chombo cha kukinga oili, fungua mabomba, na unaporudisha weka washa mpya za shaba. Za zamani zikirudishwa zitavuja, na oili ikiingia kwenye kaboni kazi yote imepotea. Tia oili kidogo ndani ya pampu kabla ya kuwasha, isianze kuzunguka ikiwa kavu. Puli zikae mstari mmoja. Nati kubwa ikazwe barabara bila kuivunja, maana ikilegea itapata moto hadi iyeyushe kofia yake. Na usiiache altaneta mpya ifufue betri iliyokufa: itafanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu, ndani ya joto la boneti letu, na inaweza kuungua siku hiyohiyo.

Jiji hili lenyewe linazichosha. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela injini iko sailensi saa nzima, altaneta inatoa sehemu tu ya uwezo wake, huku AC, taa na redio vikidai vyote. Spotilaiti mbili za wati 55 zinakula ampia 8. Amplifaya ya wati 600 ikifunguliwa hadi mwisho inavuta zaidi ya 40. Wakati wa masika, maji ya mafuriko ya Jangwani yanaacha matope ndani ya koili. Na pale kwenye kuosha magari, kijana akielekeza bomba la presha kwenye injini, mwambie aikwepe altaneta.

Kazi ikiisha, rudia vipimo vyote: betri ikiwa imelala, sailensi bila mzigo, mizunguko 2,000 na mzigo, upotevu kwenye chanya na kwenye ethi. Viandike kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya boneti, pamoja na tarehe. Taa nyekundu ikiwaka tena mwakani, fundi yeyote atakayefungua boneti ataanzia hapo.